Neno la Askofu Tarpley

Kwa miaka ishirini na miwili, kila neno alilolisema Askofu Lemuel Tarpley mimbarini lilipita mikononi mwa Odessa Crenshaw kabla halijafika gazetini. Jumapili alikaa safu ya mbele, daftari gotini, akiandika kwa hati mkato. Jumatatu alikaa kwenye taipureta, katika chumba kilicho juu ya duka la mikate la Hekalu, kanisa la Askofu, akaondoa vikohozi na marudio na kuacha moto. Watu wa mashariki ya Detroit waliolisoma gazeti lile vinyozini hawakumjua Odessa, lakini sauti waliyoisikia vichwani mwao ilikuwa nusu ya Askofu na nusu yake.

Askofu hakuwa mtu wa kupendwa kidogo wala kuchukiwa kidogo. Wachungaji wenzake weusi walimwita mwendawazimu aliyevaa suti nzuri. Magazeti ya wazungu yalimwita mchochezi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungwa miaka miwili kwa kuwaambia vijana wake wasiende. Alisema hawezi kumtuma mtoto akafie uhuru wa watu wasiomruhusu hata kunywa maji kwenye bomba lao. Alitoka gerezani amekonda, na wafuasi wake wameongezeka mara tatu. Alichoma hadharani, ndani ya pipa, picha ya Yesu mwenye macho ya buluu. Aliwafungulia watu wake duka la mikate, dobi, na shule ambayo mtoto hakupigwa kwa sababu ya namna anavyosema. Walevi waliingia kwake wakatoka na funguo za nyumba zao wenyewe. Haya yote yalikuwa kweli, na Odessa aliyaona kwa macho yake.

Na aliwakataza hospitali.

Hilo lilikuwa na chanzo chake. Mama yake, kule Alabama mwaka 1911, alianza kutokwa damu baada ya kujifungua. Walimpeleka hospitali ya wazungu kwa gari la ng'ombe, wakaambiwa wasubiri kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Walisubiri mpaka akafa, Lemuel mwenye miaka tisa amemshikia kichwa. Alipoisimulia habari hiyo Hekalu zima lilinyamaza, maana karibu kila mtu mle ndani alikuwa na mama, au shangazi, au mjomba wa ngazi kama zile.

Siku moja alizunguka nayo mimbarini kwa dakika arobaini, na Odessa akaifupisha gazetini hivi: "Wametunyang'anya shamba, wametunyang'anya jina. Mwili ndio nyumba yako ya mwisho. Usiwape ufunguo." Askofu aliisoma, akacheka kwa furaha, akasema, "Dada Odessa, hivi ndivyo nilivyotaka kusema." Tangu hapo watu waliiandika ukutani majumbani mwao. Odessa aliiandika jikoni kwake.

Mwaka 1961 mwanawe wa pekee, Rayford, mwenye miaka kumi na saba, alishikwa na tumbo upande wa kulia. Siku ya pili homa ikapanda. Odessa alimwita Askofu, naye akaja, akavua koti, akakaa kando ya kitanda akimkanda yule kijana kwa kitambaa cha maji usiku kucha. Alfajiri Odessa alimwuliza, "Baba, nimpeleke?" Askofu alichovya kitambaa tena majini. "Ukimpeleka, umewapa ufunguo." Mchana ule Rayford alisema maumivu yamepungua, akaomba mkate wa mahindi. Hakuwahi kuula. Baadaye mtu mmoja alimwambia Odessa kwamba ni kidole tumbo kilichopasuka, na kwamba kikipasuka maumivu hupungua hivyo hivyo. Odessa alimwomba mtu yule asirudie tena maneno hayo. Jumatatu iliyofuata alikaa kwenye taipureta, akapiga chapa mahubiri ya mazishi ya mwanawe.

Miaka kumi na miwili ikapita. Februari ya mwaka 1973, Shemasi Virgil Stokes, dereva na mlinzi wa Askofu, alimgongea Odessa mlango kabla hajanywa kahawa.

"Vaa koti zito, dada. Tunasafiri na Baba."

"Kwenda wapi?"

"Utajua tukifika."

"Virgil, nina miaka hamsini na minane. Siingii kwenye gari la mwanamume bila kujua linakokwenda."

Virgil hakucheka. "Toledo," alisema. "Baba hapumui vizuri."

Askofu alikuwa kiti cha nyuma, amefunikwa blanketi mbili, miguu imevimba hata viatu havimwingii.  Walipofika, Virgil alisimamisha gari mbele ya hospitali kubwa ya matofali, na Odessa akadhani amekosea njia. Kisha Virgil akashuka, akaleta kiti cha magurudumu.

"Wewe ni dada yangu," Askofu alimwambia Odessa, pumzi zikikatika. "Mimi ni Bwana Lemuel Gaines. Nimestaafu kazi ya reli."

Odessa alikifuata kile kiti. Hakujua la kufanya isipokuwa kukifuata.

Daktari alikuwa kijana mweusi, mrefu, nywele zake zimetimuliwa kama za vijana wa siku zile. Askofu alimtazama kama anayetazama kitu kilichotokea mahali ambapo hakikutarajiwa.

"Wanakuruhusu kushika kisu humu?"

"Kisu wananiruhusu, mzee. Wanakonigombeza ni kwenye maegesho ya magari." Aliweka kipimo kifuani kwa Askofu, akasikiliza. "Moyo wako umechoka sana. Maji yameingia mapafuni. Ungekuja mwezi uliopita, tungekuwa tunaongea mengine."

Odessa alikuwa nyuma ya pazia, amekumbatia koti la Askofu. Alisikia shuka ikifunuliwa.

"Na kovu hili?" daktari aliuliza. "Mshono mzuri huu. Ulipasuliwa nini?"

Askofu alivuta shuka kulifunika.

"Mzee, lazima nijue."

"Nyongo," Askofu alisema. "Mawe."

"Mwaka gani?"

"Hamsini na tisa."

"Wapi?"

"Hapa hapa."

Odessa alitazama chini. Sakafu ilikuwa ya vigae vya kijani na vyeupe. Alianza kuvihesabu, akasahau, akaanza tena. Hamsini na tisa. Mwaka ule Askofu alitoweka wiki tatu, na Odessa mwenyewe aliandika gazetini kwamba amekwenda milimani kufunga na kuomba. Miaka miwili baadaye alikaa kando ya kitanda cha Rayford na kitambaa cha maji, na kovu hilo likiwa chini ya shati lake.

Walimlaza. Siku ya tatu pumzi ikamrudia, na Odessa akavuta kiti, akakaa.

"Nilikuuliza nimpeleke," alisema.

Askofu hakujifanya hajui anaulizwa nini. "Uliniuliza."

"Ulikuwa umelala kwenye vitanda hivi hivi."

"Nililetwa nikiwa sijitambui kwa maumivu, dada. Virgil alinileta. Nilipozinduka ilikuwa imekwisha."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nilikuwa nimehubiri neno lile miaka mingi. Akina mama walikuwa wamezika watoto juu yake. Ningewaambia nini akina mama hao?"

"Ungeniambia mimi. Mimi nilikuwa bado sijazika."

Mzee alifunga macho. Machozi yalimtoka, yakashuka mpaka masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Odessa aliyatazama bila kuyafuta.

"Mama yangu hakuwa uongo," Askofu alisema. "Zile ngazi hazikuwa uongo."

"Hakuna aliyesema ni uongo."

"Nikirudi nitasema. Jumapili, mbele ya wote. Neno hili nitalifungua mwenyewe."

"Apa."

Aliapa kwa jina la mama yake.

Jumapili ya kurudi kwake Hekalu lilijaa mpaka ngazi za nje. Askofu aliingia polepole akiwa na fimbo, na watu walilia kama waliofiwa wakarudishiwa wafu wao wakiwa hai. Odessa alifungua daftari. Mzee alishika mimbari, akawatazama watu wake, na kwa muda Odessa aliona kinywa chake kikitafuta pa kuanzia. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, "Sema, Baba," na nyingine, na nyingine, na Odessa akaona uso wa mzee ukibadilika, ukichukuliwa.

"Siku kumi nilikuwa jangwani," Askofu alisema. "Na Bwana aliniponya kwa mkono wake mwenyewe."

Hekalu likalipuka. Askofu hakuitazama safu ya mbele mpaka mwisho. Odessa alifunga daftari likiwa jeupe.

Wakati watu wakisalimiana, macho yake yakamwangukia Lurlene Battle, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye mimba ya miezi minane. Uso wake ulikuwa umejaa, vidole vimevimba hata pete ya ndoa ameivaa shingoni kwa uzi. Odessa alikuwa ameona uso kama ule zamani, kwao Georgia, kwa shangazi yake, siku mbili kabla ya kifafa cha mimba.

"Kichwa kinakuuma, mwanangu?"

"Tangu Alhamisi, Mama Odessa. Na naona vimulimuli. Lakini Baba ameniwekea mkono sasa hivi."

Odessa hakulala. Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda kwenye taipureta, alikwenda nyumbani kwa akina Battle. Clyde, mumewe Lurlene, alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, bado na mafuta ya magari mikononi. Odessa alimwambia yote, akiwa amesimama mlangoni: Toledo, kovu, hamsini na tisa.

Clyde alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada Odessa, ninakuheshimu. Lakini ukimsema Baba tena hivyo, nitakutoa nje."

"Nitoe. Kisha mpeleke mkeo."

"Wewe mwenyewe hukumpeleka wako."

"Sikumpeleka," Odessa alisema. "Nenda kaburini ukaone faida yake."

Clyde alifunga mlango. Odessa alikaa kwenye ngazi, kwenye theluji, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Saa sita mchana alisikia kitu kikianguka ndani, kisha Clyde akiita jina la mkewe, mara moja, mara mbili, kwa sauti isiyokuwa yake. Mlango ulifunguka. Clyde alikuwa amembeba Lurlene, povu mdomoni, macho yamegeuka.

"Niambie la kufanya," alisema.

"Washa gari."

Hospitalini walimtoa mtoto ndani ya saa ile, msichana, mdogo kama mkate. Lurlene hakuzinduka. Damu ilikuwa imevuja kichwani. Daktari mzungu, mtu mzima mwenye macho mekundu, aliwaambia wakiwa ukumbini kwamba angeletwa siku mbili mapema, pengine. Clyde hakuonekana kusikia. Odessa alisikia kila neno.

Habari zilifika Hekaluni kabla yao. Kufikia Jumanne kila mtu alijua kwamba Odessa Crenshaw alimtoa mke wa mtu nyumbani akiwa hai, akampeleka kwa wazungu, akarudishwa maiti. Neno la Askofu lilikuwa limethibitika tena. Taipureta yake ilishushwa, kufuli la chumba likabadilishwa. Muuza mikate aliyemfahamu miaka ishirini alimwambia mkate wa leo umekwisha, na rafu nyuma yake zimejaa.

Siku ya mazishi ya Lurlene, Odessa alikwenda hivyo hivyo. Alisimama nyuma kabisa, na watu wakasogea, wakamwachia duara. Askofu alipandishwa mimbarini na Virgil. Watu walimsubiri alitaje jina la Odessa. Walikuwa wameketi wakielekea mbele, wamekaza mabega.

Askofu alitazama jeneza. Hakufungua Biblia.

"Mwaka hamsini na tisa," alisema, "nilipasuliwa tumbo hospitalini Toledo. Na mwezi huu nimelala huko tena. Jangwa nililowaambia lilikuwa na kitanda, na shuka safi, na daktari."

 Mahali ambapo siku zote walimjibu kila sentensi, safari hii kimya tu. Alifungua vifungo vya koti, akavuta shati, akawaonyesha kovu. Kutoka mbali lilionekana kama uzi uliobandikwa kwenye ngozi.

"Dada Odessa hajamwua binti huyu. Nimemwua mimi. Na Rayford. Na..." Alianza kutaja majina, ya watoto wengi, na ilionekana kwamba alikuwa anayajua yote, kwa mpangilio, na miaka yao.

Alipofika jina la saba aliinuka Mama Zenobia Akers, mwanamke wa miaka themanini kasoro, aliyewazika watoto wawili. Alitembea mpaka mbele akishika mabenchi. Hakupaza sauti.

"Kaa chini, Baba," alisema. "Unaumwa."

"Zenobia, ninasema kweli."

"Nimewazika wangu nikiwa na neno lako mkononi. Sina kingine. Ukilichukua leo, mimi nitakwenda nyumbani na nini? Kaa chini."

Watu wakaanza kunong'ona, kisha kusema. Baba ana homa. Baba amewekewa kitu kwenye dawa kule. Yule mwanamke amemlisha nini. Wanaume wawili walipanda mimbarini, mmoja wao Virgil, wakamshika mikono kwa upole mkubwa, kama mtu anavyomshika baba yake, wakamfunga vifungo vya shati. Askofu alimtazama Odessa kupitia vichwa vya watu wote wale. Kwaya ikaanza kuimba ili kufunika, na akatolewa kwa mlango wa pembeni.

Tangu siku ile hakuruhusiwa kuhubiri. Gazeti lilisema amepumzika. Aprili Odessa alisikia kwamba miguu imevimba tena, akaenda nyumbani kwake, akamkuta Virgil barazani.

"Nipishe, Virgil. Mpeleke Toledo. Wewe njia unaijua."

Virgil alikuwa mtu mkubwa, na uso wake ulikuwa umechakaa ndani ya miezi miwili. "Nilimpeleka mara mbili," alisema. "Unaona kilichotokea. Wazee wa Hekalu wameamua. Baba atakufa kama alivyotufundisha."

"Yeye mwenyewe anataka nini?"

 Ndani, dirisha lilikuwa wazi kidogo, na Odessa alisikia kukoroma kwa pumzi iliyojaa maji, kupanda na kushuka.

"Anaomba kwenda," Virgil alisema. "Kila siku anaomba. Nenda nyumbani, dada, tafadhali."

Odessa alikwenda kwenye simu ya barabarani, akaita gari la wagonjwa. Lilikuja. Aliliona likisimama, akaona wanaume sita wamejipanga barazani na kofia zao mikononi, wakizungumza kwa adabu na wahudumu, wakiwaambia hapa hakuna mgonjwa, ni mzee amelala. Gari likaondoka. Siku mbili baadaye Askofu Lemuel Tarpley alifariki. Watu elfu nne walimzika. Gazeti liliandika kwamba hata dakika ya mwisho hakukubali mkono wa mgeni uguse mwili wake, na lilikuwa limeandikwa vibaya, na mtu ambaye hakujua mahali pa kukata sentensi. Odessa alilisoma mara moja, akiwa kwenye benchi la kituo cha basi. Alipofika nyumbani alichukua kisu akakwangua rangi jikoni, pale ukutani alipoliandika neno lile, mpaka plasta ikaonekana.

Alipata kazi ya kupiga chapa barua kwenye ofisi moja ya bima. Walimwita Bibi Crenshaw, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Jumamosi moja ya Juni Clyde Battle alikuja, mtoto begani. Alikuwa amemwita Opal. Hakuingia ndani, wala hakumtazama Odessa usoni.

"Ana kikohozi," alisema. "Nimempeleka kwa Mama Zenobia, akampaka mafuta, akaombea. Bado anakohoa."

"Siku ngapi?"

"Nne." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Mimi sijui kuongea na watu wale wa hospitali. Wananiuliza maswali, nanyamaza tu. Nilidhani... sikuja kukuomba msamaha, Dada Odessa. Kuna siku bado naona ni wewe."

"Najua."

"Watu wakiniona nawe, watanifungia mlango."

"Watakufungia."

Opal alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, kifua kikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Odessa aliweka kiganja juu ya kile kifua, akahesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi, Clyde akimsubiri kama mtu anayesubiri hukumu. Kisha akachukua mkoba wake na kofia, akafunga mlango, wakashuka kwenda kwenye gari.